Viti vya Migongo Miwili Sokoni Bungoma

Mwezi uliopita nilikwenda Bungoma kununua misumari, nikapitia sokoni kwa makusudi, kama ninavyofanya kila nikifika mji ule. Nikamkuta kijana mmoja wa chuo cha ufundi amesimama kando ya kiti cha umma, daftari mkononi, anamwonyesha mwenzake.

"Ona hii," alisema. "Viti viwili vimepeana mgongo. Sawa. Lakini ati kila kimoja kina mgongo wake na miguu yake, halafu katikati kuna nafasi ya kupitisha mkono. Si angeweka mgongo mmoja tu wa kusaidia pande zote? Huyu fundi wa zamani alipoteza mbao bana. Hesabu ilimshinda."

Mimi nilikuwa nimekaa upande wa pili wa kiti hicho hicho, nakula ndizi. Nilicheka mpaka ndizi ikanipalia, na wale vijana wakaja kunipiga mgongoni wakidhani mzee anakufa.

Vijana wangu, huyo fundi ni mimi. Naitwa Wanjala. Nimeshika randa na msumeno miaka zaidi ya thelathini, Kitale na Bungoma, na sasa mikono imechoka ila mdomo bado. Mbao za vile viti zimebadilishwa mara kadhaa tangu vilipowekwa, lakini umbo ni lile lile langu, na ile nafasi katikati ndiyo kazi ninayojivunia kuliko milango, meza na mapaa yote niliyowahi kupiga. Siku ile sokoni pumzi ilikuwa imenikata, sikuweza kueleza. Basi naeleza sasa, kwenu ninyi mnaoanza kushika patasi.

Nianze na mwalimu wangu. Ufundi niliupata Kitale, katika karakana moja karibu na stesheni, kwa Kalasinga mmoja, Mhindi wa kilemba, aliyeitwa Kartar. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye ndevu za kufika kifuani, na penseli yake aliichomeka kwenye kilemba. Kila asubuhi alikuwa akiitafuta penseli ile kwenye meza, chini ya meza, mifukoni, huku sisi tukimtazama kilemba tukiuma midomo.

Kiti changu cha kwanza nilikitengeneza nikiwa na kichwa kikubwa kuliko kiti chenyewe. Nilikipiga msasa mpaka ukipitisha kitambaa kinateleza. Kartar hakukisifu. Alimwita mpishi wa karakana, mtu mfupi sana, akamwambia akae. Mpishi akakaa, na miguu yake ikaning'inia hewani. Kisha Kartar akaniambia mimi nikae. Kikanitosha sawasawa, maana nilikuwa nimejipima mwenyewe.

"Hii kiti ya Vanjala," akasema. "Kiti ya vatu iko vapi?"

Maneno hayo yaliniingia, lakini hayakukaa. Mtaona.

Njia yake ya kupima kiti ilikuwa hii, na ninawapa bure. Alikuwa na sanduku pana la mchanga. Aliumwagia maji kidogo, akausawazisha kwa ubao, akamwambia mtu akae na ainuke polepole. Mchanga ulibaki na umbo la makalio ya mtu, na hapo ndipo ulipojua upana, mahali uzito unapolalia, na kama mtu anakaa akiinama mbele au akiegemea nyuma. Urefu wa kiti aliupima kwa kijiti kutoka kisigino hadi nyuma ya goti, akapunguza upana wa vidole vitatu. Mbao za kukalia aliziacha na nafasi ndogo ndogo ili mvua ipite, na hakuruhusu kichwa cha msumari kionekane juu, kwa sababu msumari ukitokeza unachana nguo ya mtu na mtu huyo hatakusamehe. Miguu inayoingia ardhini iwe ya mtarakwa, maana mchwa hawaupendi. Ya kukalia iwe mvule.

Karakana yetu ilitengeneza viti vya barabara moja nzuri ya Kitale, penye bustani ya maua, mahali Wazungu walipotembea jioni na mbwa wao. Vilizunguka maua, vikitazamana. Hakukuwa na kibao chochote kilichosema ni vya nani, na hakuna aliyehitaji kibao. Nilivibeba begani, nikavifunga, nikavipaka mafuta, na nikimaliza kimoja nilikikalia kidogo kukijaribu, huku nikitupa macho kushoto na kulia. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza na ya mwisho makalio yangu kukigusa. Iliniuma, vijana. Kufanya kitu kwa mikono yako halafu ukipitie mbali kama mwizi, inauma.

Kwa hiyo mzungu wa kazi za barabara aliposema kwamba soko la Bungoma litawekewa viti, moyo wangu uliruka. Mzungu huyo tulimwita Bwana Miwani. Ilikuwa miaka michache baada ya vita vya Hitla, na soko lilikuwa limehamishwa mahali papya, peupe, kiangazi vumbi, masika tope. Watu walikaa chini. Bwana Miwani alitaka Kartar achore viti hivyo, lakini Kartar alichomoa penseli kwenye kilemba, safari hiyo bila kuitafuta, akanipa mimi.

"Hii soko ya kvao," akamwambia mzungu. "Vanjala nachora."

Hakuna Mwafrika wa karakana ile aliyekuwa amewahi kuchora kazi. Tulipewa michoro, tukakata.

Nilipofika nyumbani nilimwambia mke wangu, Nasimiyu. Akasema, "Basi mama atapata mahali pa kukaa."

Mama yake, yaani mama mkwe wangu, aliishi upande wa Myanga na kila siku ya soko alitembea hadi Bungoma na kikapu cha maharagwe kichwani. Alikuwa na goti bovu. Nasimiyu aliniambia kwamba mama yake akishakaa chini pale sokoni, kumwinua ni kazi ya watu wawili, mmoja kila kwapa, na mwanamke yule alikuwa na fahari yake. Siku nyingine alikuwa akisimama kutwa nzima juu ya mguu mmoja kuliko kuwaomba watu wamwinue. Mimi sikuwa nimeyajua hayo. Mtu hamtazami mama mkwe wake akajua hali ya goti lake.

Nikachora. Nilikaa juu ya mchoro ule siku tatu, na mnajua nilichora nini? Nilichora vile viti vya Kitale. Viti virefu vinane visivyo na mgongo, viwili viwili, vikitazamana, ili watu wa Bungoma wakae kama watu wa bustani ya maua. Nilitaka wawe na kile nilichonyimwa, hicho hicho, bila kupungua hata ubao. Kartar aliuangalia mchoro kwa muda mrefu, akavuta ndevu.

"Veve naliza vatu ya soko?" Yaani, kama nimewauliza watu wa soko.

"Mimi ni mtu wa soko," nikamjibu. "Nimezaliwa huko."

Alinirudishia mchoro. Alikuwa mtu wa kukuacha uanguke ukiwa karibu na ardhi.

Tukavipakia viti kwenye lori, tukapita Kamukuywa na Kimilili, mimi nimekaa juu yake kama bwana harusi. Tukavichimbia. Siku ya soko ikafika, nikavaa shati jeupe, nikasimama kando kuona watu wangu wakikaa.

Hakukaa mtu.

Walikuja, walivitazama, walivipapasa. Mzee mmoja aligonga ubao kwa kifundo cha kidole akasema, "Hii ni mvule kabisa." Halafu wakakaa chini, kandokando ya viti, wengine wameegemea miguu yake. Aliyepanda juu alikuwa mbuzi. Alisimama pale akitafuna ganda la ndizi, akitazama soko lote, na watu wakacheka wakasema huyo ndiye chifu mpya.

Bwana Miwani alikuwepo na akaona. Alikunja mchoro wangu mara mbili.

"Hawa watu hapana taka kiti," alisema. "Nataka udongo tu. Mimi nangoja soko nne. Kama hapana kaa, nang'oa yote, narudisha Kitale."

Soko nne, na moja ilikuwa imekwisha. Niwaambie ukweli, kurudisha viti Kitale haikuwa jambo kubwa kwa mbao. Zingekaliwa huko. Lakini angerudi na maneno yale, kwamba watu wetu wanapenda udongo, na angeyasema kila mahali penye mchoro na mtu mweusi anayetaka penseli. Na mama mkwe wangu angeendelea kusimama juu ya mguu mmoja.

Soko la pili nilikwenda nikiwa na hasira. Nilisimama mbele ya viti nikawaita watu kama mchuuzi wa mitumba. "Kaeni! Ni vyenu! Kaeni!" Mwanamume mmoja, fundi wa baiskeli, alinionea huruma akakaa. Haikupita muda akaruka kama aliyeumwa na siafu, akatokomea kati ya watu. Nikamwita, hakugeuka. Nilidhani amekaa juu ya msumari, nikapapasa ubao wote. Hakuna msumari.

Nikiwa bado nimeinama, nikainua macho, nikamwona mama mkwe wangu anakuja moja kwa moja kwa njia ile, kikapu kichwani, akichechemea. Nilifanya kile ambacho kila mwanamume wa kwetu angefanya. Nilikimbia. Nilijitupa nyuma ya lori la mahindi nikajikunyata kwenye gurudumu.

Sasa ninyi wa siku hizi labda hamyashiki sana mambo haya, kwa hiyo nieleze. Kwetu, mwanamume na mama mkwe wake wanaheshimiana kwa kuepukana. Hampeani mikono. Hamtazamani usoni. Ukimwona njiani unaingia kichakani, naye akikuona anageuzia uso pembeni. Kukaa kiti kimoja naye, hapana. Si chuki. Ni heshima, na mtu asiyeishika alionekana hana wazazi.

Basi nikiwa pale kwenye gurudumu nikasikia kicheko juu yangu. Alikuwa Kukhu Nelima. Kukhu ni nyanya kwa lugha yetu, na huyu alikuwa nyanya wa soko zima. Aliuza vyungu, na alikuwa na ulimi ambao hata polisi waliuogopa.

"Wewe fundi, unajificha nini hapa kama kuku?"

"Kukhu, nyamaza. Mama mkwe anapita."

Alicheka mpaka akashikilia ubao wa lori. Halafu akaacha kucheka ghafla, akanionyesha viti kwa kidevu.

"Na sasa niambie. Ungekuwa umekaa pale kwa kiti yako, na yeye amechoka, angekaa wapi? Hapo mbele yako? Magoti kwa magoti, mnaangaliana machoni kama watu wanapeana mkono?"

Kidevu chake kikahamia upande alikokimbilia fundi wa baiskeli.

"Ile mtu ya baiskeli umeona ikitoroka? Mama mkwe wake alikuwa anakuja na kuku. Hapa soko kila mtu ni mkwe wa mtu. Wewe umetuletea kiti ya kutuaibisha bana."

Vijana, nilitamani lile lori liondoke liniache hapo chini ya jua wazi, kila mtu anione, maana nilistahili. Mimi, mtoto wa Bungoma, nilimkimbia mama mkwe kwa miguu yangu mwenyewe huku nikiwatengenezea watu viti vya kuwatazamisha na wakwe zao. Nilikuwa nimevitamani vile viti vya Kitale kwa miaka mingi hivi kwamba sikuwahi kujiuliza kama vinatufaa. Kiti ya watu iko wapi? Hiyo ndiyo mara maneno ya Kartar yalipokaa.

"Kukhu," nikasema, "nisaidie."

"Toka kwanza hapo chini, suruali inaoza na grisi."

Siku hiyo hiyo sikupiga tena kelele za kuwaita watu. Nilizunguka soko nikiuliza. Kukhu Nelima alinitangulia akinitambulisha kila mahali: "Huyu ndiye wa ile kiti ya mbuzi. Ameleta masikio leo." Wazee wakataka mahali pa kuning'iniza bakora. Wenye ng'ombe wakataka kiti kielekee upande wa mnada, wasije wakaibiwa wakiwa wamestarehe. Wanawake walikuwa na jambo ambalo sikuwahi hata kuliota. Mzigo wa kichwani, walisema, ukiutua chini, kuurudisha kichwani unahitaji mtu wa kukutwika. Wekeni ubao mrefu wa kimo cha bega mwishoni mwa kiti. Mtu atue mzigo hapo, apumzike, kisha aingie chini yake na kuondoka nao peke yake. Nililiandika hilo haraka nikaona haya kwamba mama yangu mzazi alibeba mizigo maisha yake yote na mimi ndiyo kwanza nalisikia.

Kisha nikaazima sanduku pana, nikalijaza mchanga kama la Kartar. Wanaume walikaa bila shida, wakicheka na kulinganisha. Wanawake wakakataa. Hakuna aliyetaka kuinuka mbele ya mwanamume na kumwachia umbo lake mchangani alichunguze. Kukhu Nelima akaagiza mikeka, akaisimamisha ikawa kama chumba, akaweka sanduku ndani. Mwanamke aliingia, akakaa, akatoka kwa upande mwingine, na mimi niliitwa baadaye nikapima umbo lisilo na jina. Kwa kila mmoja Nelima alinipa kijiti alichokikata kwa kipimo cha mguu wake. Nilipima makalio mengi siku ile na mpaka leo sijui ni ya akina nani. Ila moja.

Lilikuwa la mwisho. Mchanga ulikuwa umedidimia upande mmoja tu, wa kushoto, kama mtu aliyekaa nusu. Na pembeni, upande wa kulia, kulikuwa na alama ya kiganja, vidole vitano vimezama mpaka chini ya sanduku. Mtu huyo alikuwa amejisukuma kwa mkono ili ainuke.

"Hii pima vizuri," Nelima akasema, na kwa mara ya kwanza hakuwa anatania.

Sikuuliza ni nani. Nilipima alama ile ya mkono, umbali wake kutoka kwenye makalio na kina chake, nikachora mkono wa kiti mwishoni mwa ubao, upande wa kulia, mnene, imara, wa kushikwa na mtu kwa uzito wake wote.

Kuhusu kutazamana, nilidhani nimepata dawa. Nitavigeuza viti vipeane mgongo, na ubao mmoja mrefu katikati wa kuegemea pande zote mbili. Wanaume huku, wanawake kule, hakuna anayemwona mwenzake. Soko la tatu nilikuja na mfano uliopigwapigwa kwa makasha ya sabuni. Nelima akakaa upande mmoja. Mzee wa bakora akakaa upande wa pili, akaegemea. Halafu akakohoa.

Nelima akaruka.

"Huyu akikohoa, mimi natikisika," akasema. "Kama angekuwa mkwe wangu, hapa tumegusana mgongo. Ubao ni moja, si ni kama ngozi moja? Mimi siwezi kukaa hapa."

Wanawake wote wakaitikia. Mzee naye akainuka upesi, akajipangusa.

Basi ndiyo hapo, kijana wa daftari. Ndipo migongo ikawa miwili. Niliwauliza nafasi iwe kiasi gani, wakabishana, mmoja akisema futi nzima, mwingine kidole. Mwishowe Nelima akapitisha kiganja chake wima kati ya makasha mawili, akakipeleka huku na huku bila kugusa popote. "Upepo ukipita katikati," akasema, "basi hatujakaa kiti moja." Nilipima kiganja cha Kukhu Nelima. Hicho ndicho kipimo ulichokidharau.

Zilibaki siku saba, na mbao hazikutosha. Migongo miwili miwili, mikono na ule ubao wa mizigo vilihitaji mvule ambao sikuwa nao. Nilituma neno Kitale kwa dereva wa lori. Siku ya pili yake lori lilirudi na Kartar mwenyewe amekaa mbele, na nyuma kuna mbao za mvule, pana, kavu, nzuri. Nilizijua. Alikuwa amezikausha miaka mitatu darini mwa karakana, akisema ni za kitanda chake cha uzeeni.

"Kitanda je?" nikamwuliza.

"Mimi nalala chini," akasema. "Mzungu nasema udongo mzuri."

Tulifanya kazi pamoja kuanzia jua lilipochomoza mpaka lilipozama, siku zote zilizobaki. Nilimweleza habari ya wakwe, naye akasikiliza akitikisa kichwa, akasema hata kwao kuna wakwe. Alipoona mchoro wa mkono wa kiti aliweka kidole juu yake akaniangalia. Nikamweleza alama ya mchangani. Ule mkono aliuchonga yeye mwenyewe, akauzungusha kwa tupa na msasa mpaka ukawa laini kama mpini wa jembe la zamani.

Soko la nne mvua ilinyesha asubuhi. Bwana Miwani alifika na lori tupu, mlango wa nyuma umeshafunguliwa, na vibarua wawili wenye mitaimbo. Viti vyangu vilisimama vikichuruza maji, hakuna mtu. Watu walichelewa kwa sababu ya tope. Mzungu alitazama saa yake mara moja, mara mbili.

Wa kwanza alikuwa Kukhu Nelima. Alikuja na vyungu kichwani, akavitua kwenye ule ubao wa kimo cha bega, akazipangusa mbao kwa leso, akakaa. Akatazama lori la mzungu kama mtu anayetazama gari la harusi. Akaja mwuza sukuma wiki, mtoto mgongoni. Upande wa pili wakaja wazee na bakora zao, wakaziangika. Fundi wa baiskeli akaja akakaa, akageuza shingo kidogo, akaona migongo miwili na upepo katikati, akanyoosha miguu. Jua lilipotoka, viti vyote vilikuwa vimejaa, na waliokosa nafasi wakawa wanawaambia waliokaa wasogee.

Bwana Miwani alizunguka kiti kimoja, akapitisha mkono katikati ya migongo.

"Hii ya nini?"

Kartar akanitazama. Ningeweza kumweleza. Sikumwogopa siku ile. Ila niliona kwamba mambo ya watu wangu na wakwe zao si ya kukunjwa mara mbili na kutiwa mfukoni.

"Maji ya mvua, bwana," nikasema. "Mbao zikauke upesi."

Akaandika. Baadaye tulisikia kwamba aliwasifia wenzake ubunifu huo wa kukausha mbao. Kartar alikohoa ndani ya ndevu zake kwa muda mrefu. Mlango wa lori ukafungwa, vibarua wakarudi na mitaimbo yao, na mimi nikaambiwa nichore vingine vya pale stesheni.

Nilikuwa nimechoka mno. Nikakaa upande wa wanaume, kwenye kiti changu mwenyewe, mchana kweupe, bila kutupa macho kushoto wala kulia. Niliweka mikono juu ya magoti. Nilijisikia mkubwa, vijana, sitawaficha.

Nikiwa hapo nikasikia nyuma yangu hatua ninayoijua, moja nzito, moja nyepesi. Kikapu kikatuliwa juu ya ubao. Sauti ya Nelima ikasema, "Karibu, Mama Nasimiyu. Kaa hapa mwisho, penye mkono."

Miguu yangu ilitaka kukimbia. Ilikuwa imeshainuka visigino. Lakini nikahisi upepo ukipita nyuma ya shati langu, kati ya mgongo wangu na wake, nikakumbuka ulikuwa wa kazi gani. Nikabaki. Yeye pia lazima aliniona wakati anakuja. Naye alikaa.

Tulikaa hivyo muda mrefu. Aliuza maharagwe yake akiwa ameketi. Sikugeuka hata mara moja. Kisha nikasikia kiganja kikishika ule mkono wa kiti, ubao ukalia kidogo, na pumzi ndefu. Baada ya hapo hatua mbili, nzito na nyepesi.

Katika miaka yote tangu nimwoe binti yake, mwanamke yule hakuwahi kunitumia neno. Siku ile alisema kwa Kibukusu, lugha yetu, nami nawatafsiria:

"Nelima, mwambie huyo aliye nyuma yetu kwamba leo nimeinuka peke yangu."

Nelima akaniletea ujumbe ule kwa sauti kubwa, kana kwamba umetoka Uganda na si kutoka umbali wa kiganja. Nikamjibu nikiwa natazama mbele, mahali ng'ombe walipokuwa, kwa sauti ya kutosha kuvuka ile nafasi.

"Mwambie mama nimesikia."